Kata Kauli

Mchawi wetu alikuwa na miaka mia tatu, alikuwa amekausha mito kwa mdomo wake tu, na Jumamosi ile alisahau kufunga lango la ngome yake.

"Alisahau?" akauliza Mpimaji.

"Alisahau," nikasema.

"Mtu wa miaka mia tatu?"

"Wazee husahau. Sasa wewe unaingia au huingii?"

Mpimaji alinitazama juu ya miwani. Kazi yake ni kupima viwanja, na anamtazama kila mtu kama kigingi cha mpaka kilichohamishwa kinyemela. Alisonya, akasema anaingia. Lango lilikuwa mwanzo tu. Sikuwa nimefika hata nusu ya ujinga niliompangia yule mchawi.

Nieleze kwanza tulichokuwa tukifanya, nisije nikaonekana mtu mzima aliyerukwa na akili. Mimi ni fundi wa makochi. Nyuma ya karakana yangu kuna chumba chenye meza ndefu ya kukatia vitambaa, na kila Jumamosi alasiri tunaondoa mikasi na sponji, tunakaa kucheza. Ni mchezo wa kusimulia. Mmoja anakaa nyuma ya kipande cha kadibodi na kuusimulia ulimwengu mzima: milima, mvua, wenye nyumba za wageni, na maadui wote. Waliobaki kila mmoja ana shujaa wake, anasema shujaa anafanya nini, na jambo likiwa na shaka tunarusha dadu la pande ishirini. Namba kubwa, umefaulu. Namba ndogo, pole yako. Wengine wana mpira wao, sisi tuna hili, na sitaki maswali.

Miaka yote nyuma ya kadibodi alikaa kaka yangu. Kaka ni dalali wa mnada. Mdomo wake ndio uliomlisha yeye na mkewe, na mimi pia kabla sijajua kushika nyundo. Nimemwona akiuza kabati lisilo na mlango, na watu wakalipigania hadi wakashikana mashati. Huyo mchawi, tuliyemwita Mkaushaji, alikuwa wa kwake. Alimtunga, akampa ngome, akampa uchawi wa kukausha chochote chenye maji ndani, akatuweka roho juu kwa muda mrefu kabla hatujamfikia.

Shida ya wachawi katika michezo hii ni kwamba wakiwa wachawi kweli, hakuna mchezo. Mtu anayekausha mto kwa maneno hana sababu ya kupigana na wewe. Atakukausha ukiwa bado unafunga kamba za viatu. Ukimpunguzia nguvu, hatishi mtu. Ukimpunguzia akili, umewatukana wanaocheza. Kaka alilimaliza jambo hilo kwa njia yake. Mchawi abaki na nguvu zote na akili zote, ila kila uchawi ni kauli, na kauli lazima isemwe mezani kwa sauti, yote, kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho. Inaposemwa, mchezaji yeyote anaweza kupiga meza kwa kiganja na kupaza sauti: "Kata kauli!" Hapo anarusha dadu. Akipata kumi na tano au zaidi, uchawi umevunjika. Asipopata, kauli inaendelea, naye hana nafasi nyingine mpaka kauli nyingine.

Ilikuwa raha, na ilikuwa balaa. Kaka alikuwa akizimwaga kauli zake kwa kasi ya mnada, pumzi moja, na sisi mikono juu ya meza, macho yametutoka, kila mmoja akitafuta pa kumkatia. Mara nyingi tulichelewa. Tulikuwa tunatoka pale tumekufa na tumefurahi.

Halafu kiharusi kikamkuta kazini, mkono juu, katikati ya bei. Mtu wa mnadani akanipigia simu. "Njoo haraka," akasema, "kaka yako amekata kauli." Ndivyo watu wanavyosema mgonjwa akishindwa kutamka, na wengi wakisema hivyo huwa wameshaanza kutafuta shuka la kumfunikia. Kwa nukta moja, Mungu anisamehe, akili yangu iliuliza: nani amepiga meza? Kisha nikakaa chini palepale kwenye vumbi la sponji.

Hakufa. Upande wa kulia ulilegea, ukarudi kidogo. Maneno ndiyo yaliyogoma. Yalikuja kwa kusukumwa, moja moja, na mengine yalikuja yasiyo yenyewe: anataka kijiko, anasema ufunguo, anajisikia, anakasirika, anafunga mdomo. Mtaalamu wa usemi alimwambia wifi yangu bila kumung'unya kwamba lazima mgonjwa aongee na watu kila siku, hasa watu anaowapenda, maana ulimi ukiachwa kipindi hiki utabaki hapohapo ulipo. Wifi alinipa habari hizo akiwa ameukumbatia mkoba wake kifuani. Nyumbani, alisema, kaka alikuwa mtu wa kidole. Alionyesha maji kwa kidole, dirisha kwa kidole, na mlango, maana yake wageni waondoke.

Kwa hiyo tulipombembeleza arudi mezani Jumamosi, akakubali kwa kichwa, ilikuwa habari kubwa. Wifi alinishika mkono jikoni kwake, akaniambia, "Wifi, hii ndiyo imebaki. Mengine yote amekataa." Nikamwambia asijali. Usiku huo sikulala.

Sasa tazama mtego nilioingia. Nyuma ya kadibodi ilibidi nikae mimi. Na sisi wachezaji, mimi, wifi, Kinyozi wa mtaani kwetu na Mpimaji, tulikubaliana, bila hata kulizungumza, kwamba lile neno lisitamkwe mbele yake. Nani angepiga meza na kupaza "kata kauli" mbele ya mtu aliyekatwa yake? Kanuni ikafa kimyakimya. Lakini bila kanuni hiyo Mkaushaji hazuiliki, kauli yake moja inatumaliza wote, na shujaa wa kaka akifa siku ya kwanza, nani atamrudisha kaka siku ya pili? Ndipo nikaanza kumpunguzia mchawi akili.

Kaka nilimweka kwenye kiti chenye mikono mipana nilichomfungia mwenyewe upya, karibu yangu. Shujaa aliyemchagua alikuwa Mbeba Ngao, mtu asiyesema. Wifi alikuwa mganga wa kutibu majeraha, Kinyozi mpiga upinde, Mpimaji mvunja makufuli ambaye siku hiyo hakupata kufuli la kuvunja, na alikuwa na kinyongo.

Mkaushaji akatokea juu ya ngazi. Badala ya kutukausha, akatoa hotuba. Kinyozi akamtia mshale wa bega katikati ya hotuba. Akaendelea kuhutubia. Kisha, akiwa na mganga amesimama peupe mbele yake bila kinga, akaelekeza moto kwenye ngao ya chuma. Mimi mwenyewe niliona aibu kwa niaba yake. Kinyozi, ambaye akiwa na mteja kitini haachi neno lipite bila utani, alikuwa anakagua kucha zake.

Nikarusha dadu kuona kama moto umempata Mbeba Ngao. Likagonga ukingo wa kadibodi, likaruka, likaanguka sakafuni.

"Nne," nikasema upesi. "Moto umepita pembeni."

Kaka hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameinama, anatazama chini karibu na kiatu chake. Alitazama kwa muda mrefu hata wifi akataka kuinuka amsaidie.

"I-shi-ri-ni," akasema kaka.

Lilikuwa neno lake la kwanza mchana ule.

"Labda dadu la fundi linasomwa upande wa chini," Kinyozi akajaribu.

Kaka akaninyooshea kidole. "Mchawi," akasema. "M... mjinga." Akameza mate, akasukuma tena, na safari hii shingo ikamvimba. "Hu-ru-ma." Alilitema kama kokwa. Halafu akashika mkongojo, akajiinua, akakataa mkono wa wifi. Mlangoni akageuka nusu.

"Sirudi."

Hilo alilitamka vizuri kabisa, na ndilo lililoniumiza.

Wiki iliyofuata nilikuwa mtu wa kuharibu tu. Kochi la mteja lenye maua nililifunga maua yakiwa kichwa chini, nikalifumua, nikalifunga tena upande ule ule. Nilijipiga stepla kidoleni. Kila simu ikilia nilidhani ni wifi, na siku alipopiga kweli sikutaka kupokea.

Alikuja mwenyewe karakanani. Hakukaa.

"Hata kidole ameacha," akasema. "Anakaa tu. Nikimuuliza anataka nini anafumba macho. Wifi, ulifanya nini?"

"Nilitaka asife."

"Nani? Shujaa au kaka yako?"

Nilishika nyundo, nikaiweka, nikaishika tena. Yeye alifuta machozi kwa upindo wa khanga, akasema ana sufuria jikoni, akaondoka. Nilimchukia mchana kutwa, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Mpimaji naye alipita, akajifanya ametoka kutafuta sponji ya kiti cha gari. Alilibonyeza kila pande la sponji lililokuwepo kabla hajasema kilichomleta.

"Kosa si kwamba mchawi alikuwa dhaifu," akasema. "Kosa ni kwamba uliondoa kata kauli. Ulituondolea silaha yetu, ikabidi umnyang'anye na yeye yake. Hapo hakuna mchezo, kuna watu wazima wamekaa wanadanganyana."

"Wewe unaweza kulitamka hilo neno mbele yake?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hapana," akasema.

"Basi nunua sponji au uniache nifanye kazi."

Jumamosi ilipofika nilipanga viti hivyo hivyo, kwa ukaidi. Kinyozi akaja, Mpimaji akaja. Tulikaa kama watu waliokuja kuhani, hakuna aliyegusa dadu. Kinyozi alianza kisa cha mteja aliyelala kitini akaamka amenyolewa nusu, akakiacha njiani. Nilikuwa nimeshainuka kurudisha mikasi mezani tuliposikia mkongojo ukigonga sakafu ya karakana.

Kaka aliingia mbele, wifi nyuma yake, macho yamemtoka. Alinitikisia kichwa kuonyesha kwamba hata yeye haelewi. Kaka alikipita kiti chake chenye mikono mipana, akazunguka meza taratibu, akavuta kiti changu nyuma ya kadibodi, akakaa.

"Mimi," akasema, akijigonga kifua. "M-chawi."

Kisha akanionyesha kile kiti cha mikono mipana. Nikaenda kukaa. Nilikuwa Mbeba Ngao sasa, na mikono niliificha chini ya mapaja.

Kitu cha kwanza mchawi alichofanya ni kufunga lango. Kaka alisema neno moja, "Fu-nga," akaonyesha kwa kiganja lango likishuka nyuma yetu, na ufunguo ukiingia mfukoni mwake. Cha pili, upepo, na mienge yetu yote ikazimika. Cha tatu, akarusha dadu mbele ya kadibodi, peupe, tulione wote, akamgonga mganga. Hakugusa ngao. Alikwenda moja kwa moja kwa mkewe, kwa sababu mganga akianguka hakuna wa kumwinua mwingine, na mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo hivyo.

"Ah!" wifi akasema, mkono mdomoni. Nilimwona mwili mzima umemsisimka, na sikujua kama ni hofu au kitu kingine.

Kinyozi alirusha mishale gizani, yote ikapotea. Mpimaji alitambaa kuelekea lango atafute kufuli, hatimaye kufuli, na mchawi alikuwa amelitegea. Mimi nilisimama mbele ya mganga na ngao yangu. Kwa kweli tulikuwa tunapigwa. Nilikuwa nimesahau jinsi inavyouma kupigwa na mtu anayejua kazi yake, na kwa muda kidogo nilisahau mengine yote.

Halafu kaka akanyoosha mgongo, akaweka mkono wake mzima, wa kushoto, juu ya meza, akaanza.

"Ma-ji ya ju-u..."

Tuliijua. Ilikuwa Kauli ya Kiu, aliyoitunga mwenyewe zamani na kututisha nayo: ikifika mwisho, kila kilicho hai ndani ya ngome kinakauka. Mashujaa wetu wote, miaka yetu yote ya Jumamosi. Zamani aliimaliza kabla hujakohoa.

"...ya-shuke. Maji ya... ya chi-ni..."

Kila neno lilikuja peke yake, na kati ya neno na neno palikuwa na nafasi ya mtu kuinuka, kunywa maji na kurudi. Hata mtoto angemkata. Kinyozi alikuwa anatazama dari. Mpimaji aliitazama kanuni aliyoitetea ikivunjwa, akakunja vidole. Wifi midomo yake ilikuwa inacheza, anayasema maneno pamoja naye bila sauti, anataka kumsaidia kuyabeba. Na mimi viganja vyangu viko chini ya mapaja, nikiomba amalize salama, tufe, tumpigie makofi, yaishe.

"...ya-za-me."

Akanyamaza. Nilidhani amekwama. Nikainua macho, nikaona hakukwama. Alikuwa anaitazama meza. Aliangalia mahali ambapo mikono yetu ingekuwa, kwa kila mmoja wetu, zamu kwa zamu, na mahali pote palikuwa patupu. Nikaona uso wake ukianza kufungika, ule ule wa mlangoni wiki iliyopita.

Nikaelewa. Mchawi alikuwa amefunga kila kitu isipokuwa mlango mmoja, ule wa kata kauli, na sisi tumekaa mbele yake kwa adabu, tunangoja kufa kwa heshima yake. Huruma ile ile, ila sasa imegawanywa kwa watu wanne. Lakini pia niliwaza: nikimkata mdomoni, katikati ya sentensi ya kwanza aliyoisema tangu augue, mbele ya mkewe, na akanyamaza moja kwa moja? Nitaishi vipi?

Nikatoa mkono, nikapiga meza mpaka dadu likaruka.

"Kata kauli!"

"Wifi jamani!" Wifi yangu alipiga kelele ya kweli. Kinyozi alisimama kabisa. Kaka alinitazama, na uso wake haukuwa na kitu chochote ndani, na mimi nikajua nimemuua. Nikarusha dadu kwa sababu mkono ulikuwa umeshaanza safari.

Kaka akainama kulisoma.

"Ti-sa," akasema. Upande wa kushoto wa mdomo wake ukapanda. "Hai-ja... katika. Mto! Mto u-sahau njia!"

"Kata kauli, mzee!" Kinyozi akapiga meza kwa viganja vyote viwili. Sita. "Dadu hili limelogwa! Fundi, umelipa nini?"

"Ki-si-ma!" kaka akasema juu ya sauti yake.

"Kata kauli!" Mpimaji akapiga. Kumi na nne. "Meza imeinama! Jamani, meza hii imeinama upande wa dirisha, mimi napima vitu kila siku..."

"Kisima ki-sahau..." Kaka alikuwa amepaza sauti kuwashinda, mkono wake mzima umepanda hewani wenyewe, kiganja wazi, vile vile ulivyokuwa ukipanda mnadani watu wakipiga kelele za bei. Nilikuwa sijauona ukipanda hivyo tangu siku ile. "Ki-sahau ndi-zi!"

Alijisikia. Tukamwona akijisikia.

Kinyozi ndiye aliyeshindwa kujizuia. Aliangua kicheko, akajiziba, kikampita vidoleni. "Kisima," akasema, "kisahau ndizi. Mzee, hicho kisima kina njaa." Na mimi nikacheka. Mpimaji alicheka akakohoa. Tulicheka kama tulivyokuwa tunamcheka zamani akichapia, na kaka akapiga meza kwa ngumi.

"Ndoo!" akafoka. "Ndoo! Wa-pumbavu!" Na yeye mwenyewe alikuwa anacheka, nusu ya uso, machozi yakimtoka upande mmoja. Kisha akakaza uso wa mchawi tena. "Che-nye u-nyevu... kikauke. Chenye sa-uti..."

Lilibaki neno moja. Na aliyebaki na nafasi ya kukata alikuwa wifi.

"Ki," kaka akasema. "Ki..."

Hapo alikwama kweli. Neno lilikuwa "kinyamaze", na halikutaka kutoka. Shingo ilimvimba.

"Shemeji," Mpimaji akanong'ona, "bado una nafasi yako."

"Siwezi," wifi akasema. "Anakaribia kumaliza. Mwacheni amalize jamani, siwezi."

Kaka hakumpunguzia. Hakusubiri, hakumtazama kwa kumwomba. Alizidi kusukuma. "Ki-nya..."

Wifi akafumba macho, akapiga meza. "Kata kauli!" Sauti ilimtoka pamoja na kilio, nadhani hata mtaani walisikia. Alirusha dadu bila kutazama, likaviringika mezani, likafika ukingoni, likaanguka chini ya kiti changu.

Niliinama. Kiti kina sketi ya kitambaa mpaka sakafuni, niliishona mwenyewe, na niliyeweza kuona chini yake ni mimi peke yangu. Nikainua pindo.

Kumi na sita.

Nilibaki nimeinama. Nikisema nne, kaka anasema "maze", sehemu iliyobaki, amemaliza kauli nzima kwa mdomo wake, na wifi anapata kitu cha kwenda nacho nyumbani. Nikisema kumi na sita, tumemkatia mlangoni, na aliyemkata ni mke wake. Damu ilinijaa kichwani kwa kuinama. Nilimsikia kaka juu yangu anavuta pumzi nzito.

"Ngapi?" akauliza Mpimaji.

Nikainuka. Nilimtazama kaka, si dadu.

"Kumi na sita," nikasema. "Kauli imekatika."

Mdomo wake ulikuwa bado wazi kwenye lile neno. Akaufunga. Mkono ukashuka polepole mpaka mezani. Alimtazama mkewe, na wifi alikuwa ameficha uso kwenye khanga, mabega yakimcheza, hathubutu kuona alichokifanya. Nilitaka kuufuta mchana ule mzima.

"Ame-ni-kata," kaka akasema. Alikuwa anamwambia Kinyozi, kama mtu anayesifia mali. "Mke wangu."

Wifi akatoa jicho moja kwenye khanga.

Kaka akavuta kadibodi yake vizuri mbele yake. "Mchawi," akasema, "ana... ana-kim-bia."

"Anakwenda wapi?" Kinyozi akaruka. "Tumemkata! Afe!"

"Ana a-kili," kaka akasema. "A-kae afe, ye-ye mjinga? Juma-mosi. A-ta-rudi."

"Sahihi kabisa," Mpimaji akasema kwa furaha ya mtu aliyengoja miaka. "Mimi siku zote nasema, hawa wachawi kwa nini wanasimama tu wangoje kuuawa?"

Na mimi, badala ya kushukuru, nikapandwa na mori. Nilikuwa na jeraha la moto, ngao yangu ilikuwa vipande viwili, na kwa mara ya kwanza tangu mchana uanze sikumwogopea mtu. "Haiwezekani," nikasema. "Haiwezekani hata kidogo. Lango umelifunga mwenyewe, sote tumeona. Ngazi ina Kinyozi chini yake. Dirisha ulisema hakuna, nakumbuka, ulisema ukuta mtupu, na mtu aliyekatwa kauli kwa kanuni yako wewe mwenyewe hawezi kuanza nyingine mpaka zamu ipite, kwa hiyo hata akitaka kuruka, hata akitaka kugeuka moshi, hata akitaka..."

Kaka aliunyanyua mkono wake wa kulia, ule ulioumwa. Ulipanda kidogo tu, ukaanguka juu ya meza kwa sauti ya kitambaa kilicholowa.

"Kata kauli," akasema, mfululizo, bila kukwama popote.

Nikanyamaza.